Amplifaya za "300W + 300W" zenye tundu la hedifoni: mnatuuzia balaa kwenye boksi la chaki

Wakuu,

Nafungua uzi huu kwa hasira na sipunguzi ukali. Kuanzia Mwanjelwa na Kabwe hapa Mbeya hadi Mashine Tatu kule Iringa, maduka yamejaa viamplifaya vyeusi vya ukubwa wa boksi la chaki. Juu vimeandikwa "300W + 300W", mbele vina tundu la hedifoni, na muuzaji anaapa kwamba kimoja kinatosha kwa spika na hedifoni. Huo ni uongo mara mbili. Wa kwanza unakula hela, wa pili unaunguza vitu.

Wati kwanza. Achana na boksi, geuza adapta usome. Ikiwa ni 12V 2A, zidisha: wati 24. Hizo ndizo zote zinazoingia, kwa pande zote mbili, na joto halijachukua chake. Hizo 600 zinatoka wapi, kwenye maombi?

Aisi (chipu inayokuza sauti) iliyomo ndani mara nyingi ni TPA3116D2 ya Texas Instruments, na yenyewe haina kosa. Karatasi yake ya vipimo kutoka kiwandani inasema wati 50 kila upande kwa volti 21 na spika za ohmu 4 (ohmu ni kipimo cha ukinzani wa spika), tena hapo mkwaruzo wa sauti umeshafika asilimia 10. Ukiilisha volti 12 kwenye spika za ohmu 8 unapata kama wati 8 tu kila upande. Aisi ile ile ukiipa volti 24 inakaribia 30. Kwa hiyo aliyekuuzia na adapta ya volti 12 amebaki na robo tatu ya mziki wako dukani kwake.

Kwa spika za ohmu 8 tafuta adapta ya 24V 3A. Kwa ohmu 4, 24V 5A. Spika nyingi zilizotolewa kwenye sabufa mbovu hazina maandishi, basi weka mita ya kupimia umeme kwenye ohmu: ikisoma 6 hadi 7 ni spika ya 8, ikisoma 3 na kitu ni ya 4.

Sasa hilo tundu, ndiko hasira yangu iliko.

Aisi za namna hii husukuma spika kwa waya zote mbili. Ile "hasi" ya spika si hasi ya adapta. Muda wote imekaa kwenye nusu ya volti za adapta, yaani volti 12 kama adapta ni ya 24. Spika mbili zinatumia waya nne na hakuna hata mmoja unaoruhusiwa kugusana na mwingine. Hedifoni ina waya tatu: kushoto, kulia, na hasi moja ya pamoja. Mtu akivuta tundu la hedifoni kutoka kwenye soketi za spika, hasi ya kushoto na ya kulia zinakutana ndani ya pini. Ukibahatika aisi inajizima kujilinda. Usipobahatika upande mmoja unakufa palepale. Na ukichomeka waya wa kwenda kwenye redio nyingine au kompyuta, volti 12 hizo zinatafuta njia ya kupita huko.

Tundu la kweli linalishwa na aisi yake ndogo, kabla ya ile kubwa. Kujua ni lipi, chukua waya wa earphone iliyokufa, ukate, uchome ncha kwa kiberiti (zina rangi inayozuia umeme), uchomeke. Washa amplifaya, weka mita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye hasi ya adapta na nyingine kwenye hasi ya earphone. Lazima isome sifuri. Ikisoma 6 au 12, rudisha kabla hujatoka mlangoni. Halafu pima kati ya hasi hiyo na kila upande, kushoto na kulia: isizidi milivolti chache.

Hata likiwa salama, sikiliza bila mziki. Likitoa "shhhh" kwenye hedifoni, halifai. Na yule dada wa bluetooth anayetangaza kwamba ameunganishwa, kwenye hedifoni anapiga kelele kama kondakta wa Uyole.

Kwa hela ndogo, nunua vitu viwili. Bodi ya TPA3116 isiyo na bluetooth pamoja na adapta ya 24V kwa ajili ya spika. Na kwa hedifoni kile kiwaya cha USB-C kwenda tundu la 3.5 mm chenye aisi yake ndani. Hedifoni ya ohmu 32 yenye desibeli 100 kwa miliwati inahitaji miliwati 10 tu kufika desibeli 110, yaani kama volti 0.6. Hakuna anayehitaji "300W" masikioni.

Jibu la 2, Iringa

Mkuu, umesahau watu wa sola. Wanaambiwa "hii inakula 24V, funga moja kwa moja kwenye betri mbili". Betri hizo mchana zikichajiwa zinapanda hadi 28.8V. TPA3116 inatakiwa isizidi 26V, na ikifika 30 imekwisha. Mbaya zaidi, bodi za bei ya chini zinafungwa kapasita (vile vikopo vidogo vya kutunza chaji) za 25V, ndizo zinazovimba kichwa. Chungulia kapasita kabla ya kulipa: 35V na kuendelea. Mwenye sola ya 24V aweke kishusha volti akiseti kwenye 22.

Jibu la 3, Tukuyu

Wenye amplifaya za zamani za trafo, zenye aisi ya TDA2030 na umeme wa pande mbili (chanya na hasi, sifuri katikati), hasi zao ni za pamoja, kwa hiyo tundu linawezekana. Ila msiunge moja kwa moja! Wati 20 za spika ya ohmu 8 ni kama volti 12.6, kwenye hedifoni ya ohmu 32 hizo ni karibu wati 5, inayeyuka. Kila upande weka risista ya ohmu 100 ya wati 2 kwa mfululizo, kisha ohmu 10 ya nusu wati kati ya upande huo wa tundu na hasi. Ukifungua sauti yote hedifoni inapata kama volti 0.9, na ile "shhhh" inashuka nayo. Msiweke ohmu 330 peke yake kama redio za zamani, besi inalegea kwenye hedifoni nyingi.

Jibu la 4, Mwanjelwa

Mnatulaumu bure sisi wenye maduka. Mzigo unakuja umefungwa toka Kariakoo. Mteja ukimwambia wati 30 anahamia duka la jirani lililoandika 600.

Mleta uzi

Mkuu wa Mwanjelwa, sawa, boksi hukuandika wewe. Lakini adapta ya 12V unaichagua wewe, na ya 24V ipo rafu ya pili yake. Weka mita mezani na uruhusu mteja apime tundu kabla ya kulipa, maana likiungua, nauli ya kulirudisha Kariakoo kwa basi mnamwachia yeye.