Ulinganisho: Fungu dogo la kuendeleza wahadhiri, tulipeleke wapi? (Mtwara/Lindi)

Mtu wa Shangani
Wakuu, habari za jioni. Idara yetu (chuo kipo Mtwara mjini, si cha serikali) imetengewa fungu dogo la kuendeleza walimu. Tuko 14: wakufunzi wasaidizi 2, wahadhiri wasaidizi 9, wahadhiri 3. Kikaoni yamependekezwa haya: kuleta warsha ya mbinu za ufundishaji hapahapa chuoni, kuwalipia watu wawili watatu stashahada ya uzamili ya ualimu Chuo Kikuu Huria, kuwasukuma walio kwenye uzamivu, kufukuzia nafasi za kubadilishana walimu na vyuo vya Ulaya, au kila mtu asome mtandaoni na idara ilipe vifurushi tu. Kila mmoja anavutia kwake. Naomba ulinganisho kutoka kwa wanaoyajua haya mambo. Jibu la "inategemea" tupu tumeshalisikia kikaoni.

Mkaguzi wa Mitaala
Mkuu, hizo idadi zako zimeshajibu nusu ya swali. Wahadhiri wasaidizi 9 kati ya 14 maana yake idara imekwama kwenye ngazi moja. Mhadhiri msaidizi hapandi kuwa mhadhiri kwa vyeti vya warsha, anapanda kwa shahada ya uzamivu. Mletee warsha kumi, faili lake litabaki palepale. Hao wawili wa chini nao wana kazi moja, uzamili, na waiangalie GPA (wastani wa alama) mapema: vigezo vya TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, vinaangalia GPA ya shahada ya kwanza pia, na kwa uzamili ni 4.0. Anayemaliza uzamili kwa 3.9 ana shahada lakini ngazi hana, na hakuna kozi fupi inayoziba hilo pengo.

Fungu dogo haliwezi kulipa ada ya uzamivu ya watu tisa, lisijaribu. Litumike pale uzamivu unapokwama: gharama za kibali cha maadili ya utafiti, nauli na posho za wasaidizi wa kukusanya data, uchapaji wa tasnifu, salio la ada linalomzuia mtu kuwasilisha. Waulizeni wote tisa: umekwama hatua gani, na shilingi ngapi zinakukwamua? Wengine watajibu kwamba wanakosa muda. Hao wapunguzieni vipindi muhula mmoja. Mtu mwenye kozi nne na mafurushi ya mitihani ya kusahihisha haandiki sura ya tatu hata umlipie hoteli Mikindani.

Ngongo Lindi
Nakazia hapo kwa Mkaguzi. Ila ada zina wa kuzilipa, tatizo watu huomba wasikostahili, wanapoteza mwaka.

HEET, ule mradi wa elimu ya juu wa dola milioni 425 wa Benki ya Dunia ulioanza 2021 na ambao ndani yake imo kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) huku kwetu Lindi, unasomesha wanataaluma, lakini nafasi hupitia kwa mwajiri aliye ndani ya mradi, yaani vyuo vya umma. Kwenu hauwahusu. CARTA, ule mpango wa kusomesha uzamivu wa afya ya jamii Afrika, vilevile: lazima uwe mwajiriwa wa taasisi mwanachama.

Kwa chuo binafsi mlango mmoja uliobaki wazi ni ufadhili wa DAAD (shirika la Ujerumani) wa kusoma ndani ya Afrika. Inafadhili uzamili hadi miaka miwili na uzamivu hadi miaka mitatu, kwenye vyuo na programu zilizochaguliwa tu. Unaanza kwa kuomba udahili kwenye chuo husika, halafu ndipo unaingia kwenye tovuti ya DAAD. Wengi huanguka kwenye sharti la umri wa shahada: shahada yako ya mwisho isizidi miaka 6. Mpange watu wenu kwa mwaka waliohitimu uzamili, wa mwaka wa tano aombe kwanza, aliyehitimu juzi anaweza kusubiri.

Kuna ufadhili wa Commonwealth (Jumuiya ya Madola) wa Uingereza pia. Kuna ya uzamivu mzima kule, ushindani wake ni mkali. Na kuna ya mseto, ambayo naona inadharauliwa bure: umesajiliwa uzamivu nyumbani, unakwenda chuo cha Uingereza kwa jumla ya miezi hadi 12, unaweza kuigawa vipande, unarudi kumalizia hapa. Masharti mawili yanawaangusha watu. Uwe tayari umesajiliwa na unaendelea na uzamivu, na pawepo uhusiano uliokwishaanza kati ya idara zenu mbili. Barua pepe moja kwa profesa usiyemjua haihesabiki kama uhusiano. Mazungumzo na msimamizi wa huko yaanze miezi mingi kabla ya dirisha kufungwa.

Mwl. Tandahimba
Niongelee ya Huria, maana hilo pendekezo huja kila mwaka kwa sababu vituo vyao vipo Mtwara na Lindi, hakuna nauli. Ile stashahada ya uzamili ya ualimu imejengwa kwa mwalimu wa sekondari: saikolojia ya mwanafunzi, mtaala wa shule, mazoezi ya kufundisha shuleni. Mhadhiri wa uhasibu au sosholojia ambaye hajawahi kusomea ualimu ataokota mengi, hasa upimaji. Lakini kufundisha ukumbi wa watu 300, kusimamia tasnifu, kuandaa kozi kwa krediti, hayo siyo makusudi yake. Na kama idara yenu ni ya elimu, ambako wengi tayari wana shahada za ualimu, mtakuwa mnalipia kitu walichonacho.

Wanayo pia stashahada ya uzamili ya usanifu na uendelezaji wa mitaala. Mkilazimika kulipia mtu mmoja Huria, awe yule anayeratibu mitaala ya idara, asome hiyo.

Mama Ligula
Hapa mnaiua warsha haraka mno, jamani. Kupanda daraja ni jambo moja, kufundisha vizuri ni jambo jingine, na fungu limeitwa la kuendeleza walimu. Ila warsha nyingi ni hasara kweli. Mgeni anashuka na ndege asubuhi, anaonyesha slaidi 120 za nadharia za ujifunzaji, cheti, chai, picha ya pamoja. Jumatatu kila mtu anafundisha kama alivyofundisha Ijumaa.

Inayofaa kwa watu 14 iwe hivi. Siku mbili, na kila mshiriki aje na vitu vitatu vya kozi yake mwenyewe: muhtasari wa kozi, mtihani wa mwisho uliopita, na skripti 5 (karatasi za majibu ya wanafunzi) zilizosahihishwa, majina yamefunikwa. Asiyekuja navyo asiingie, kwa sababu bila hivyo atakaa kusikiliza tu.

Siku ya kwanza asubuhi ni hesabu ya krediti. Krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, kwa hiyo kozi ya krediti 12 ni saa 120. Kila mtu aandike saa hizo zinakwenda wapi: mihadhara, semina, kusoma, kazi za kuandika, kujiandaa na mtihani. Utakuta mtu ameweka mihadhara saa 45, saa 75 zilizobaki hazina kazi yoyote. Hapo ndipo mwanafunzi anapokuja na madesa usiku wa kuamkia mtihani.

Mchana ni jedwali la kutahini. Chora safu kwa kila tokeo la ujifunzaji, upande wa pili aina ya fikra inayopimwa: kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchanganua, kutathmini, kubuni. Kisha kila swali la mtihani ule uliopita liwekwe kwenye kisanduku chake pamoja na alama zake. Muhtasari unasema "mwanafunzi ataweza kubuni mpango wa biashara", mtihani unasema "Taja sifa sita za mpango wa biashara". Alama 60 kati ya 100 zinarundikana kwenye kukumbuka. Hakuna haja ya mgeni kumkosoa mtu, jedwali linamwonyesha mwenyewe.

Siku ya pili: skripti. Wawili wawili wabadilishane, kila mmoja asahihishe upya skripti za mwenzake kwa mwongozo wa kusahihishia wa mwenye kozi. Mkitofautiana kwa alama zaidi ya 10 katika 100, mwongozo haujitoshelezi, uandikwe upya papo hapo. Mchana kila mtu aandike upya swali moja la insha na mwongozo wake. Aondoke nalo limekamilika.

Baada ya hapo, wiki ya 4 na ya 8 ya muhula, wanaingia kwenye vipindi vya wenzao. Dakika 15 kabla, mwenye kipindi anasema anataka aangaliwe nini; kipindi kizima; halafu mazungumzo ndani ya siku mbili, kabla mambo hayajasahaulika. Karatasi ya uangalizi ibaki kwa aliyeangaliwa. Ikipelekwa kwa mkuu wa idara na kuingia kwenye tathmini ya utendaji, kila mtu ataandaa onyesho na hamtajifunza kitu.

Gharama yake ni mwezeshaji mmoja na chakula. Mwezeshaji anayetoka Dar kwa barabara mumpe siku moja ya akiba kama ni masika. Mwaka 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara pale Somanga, na wa Kusini tunajua maana yake.

Msimbati
Dada Ligula, shikamoo. Kuingia kwenye vipindi vya wenzako kwenye idara ya watu 14? Mkufunzi msaidizi atamwambia nini aliyemfundisha shahada ya kwanza? Atasema "nzuri sana mwalimu" na karatasi itajaa vema tupu.

Mama Ligula
Marahaba. Una hoja. Ndiyo maana wapangwe wa ngazi moja pamoja, wale tisa wanatosha kuunda jozi nne na mmoja anaingia kwenye jozi kuwa watatu. Na uwape fomu isiyo na "vizuri/vibaya". Iwe ya kuhesabu: mwalimu ameuliza maswali mangapi, amesubiri sekunde ngapi kabla ya kujijibu mwenyewe, wanafunzi wangapi wamezungumza, wamekaa upande gani wa ukumbi. Hesabu haina heshima wala dharau. Mara nyingi kitakachoonekana ni kwamba muda wa kusubiri jibu haufiki sekunde 2.

Mtu wa Shangani
Nimeelewa sana hapo kwenye jedwali la kutahini. Vipi kuhusu Ulaya? Kuna mwenzetu ana barua ya mwaliko kutoka chuo kimoja huko, anasema ni Erasmus.

Ngongo Lindi
Barua ya mwaliko peke yake si Erasmus, ule mpango wa Umoja wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi na walimu. Uliza mambo mawili: chuo chenu na hicho vina makubaliano ya kitaasisi yaliyosainiwa, na chuo cha Ulaya kimeshapata fedha za kubadilishana na nchi za nje ya Umoja wa Ulaya? Jibu la lolote likiwa hapana, huo ni ukarimu tu, nauli ni yako.

Majibu yakiwa ndiyo, safari ni ya siku 5 hadi miezi miwili. Akienda kufundisha, kima cha chini ni saa 8 kwa wiki. Akichanganya kufundisha na mafunzo, inashuka hadi saa 4. Andikeni ipi mapema, maana barua ikisema mafunzo na mkataba ukisema kufundisha, ubalozi utauliza. Posho aghalabu hailipwi yote kabla ya kuondoka, awe na fedha ya kuanzia.

Pasipoti ya kawaida ni sh. 150,000, na iwe hai angalau miezi mitatu baada ya tarehe ya kutoka Schengen (nchi za Ulaya zenye viza moja). Bima ya safari isipungue euro 30,000. Maombi ya viza yasifike chini ya siku 15 kabla ya safari, na mtu wa Mtwara ahesabu safari ya Dar ya kuchukuliwa alama za vidole. Kwa wiki moja ya kufundisha ni msuguano mwingi. Faida yake ni ule uhusiano wa idara nilioutaja kwenye Commonwealth. Kama mwenzenu anakwenda bila mpango wa kurudi na msimamizi mwenza, ni matembezi.

Mkaguzi wa Mitaala
Na wale wahadhiri watatu wenye uzamivu msiwasahau. Wao wanahitaji machapisho. AuthorAID wana kozi za mtandaoni za kuandika makala za utafiti, hazina ada, na wana utaratibu wa kukuunganisha na mlezi wa kitaaluma. Kusoma majarida bure, chuo kijisajili Research4Life. Anayesajili ni taasisi, kwa hiyo mkutubi ndiye wa kumwona.

Kabla ya kulipia kuchapisha popote, tafuta ISSN (namba ya utambulisho) ya jarida kwenye tovuti ya ISSN yenyewe, angalia kama lipo DOAJ (orodha ya majarida yanayosomwa bure), au kama ni la Afrika, AJOL (tovuti ya majarida ya Afrika) na nyota zake za ubora. Jarida linalokubali makala ndani ya siku tatu na kutuma ankara siku ya nne, kamati ya kupandisha vyeo italitupa, na makala imeshachomwa, huwezi kuipeleka kwingine.

Mwl. Tandahimba
Kwenye vifurushi pia fanyeni hesabu. Video ya 480p inakula kama MB 500 kwa saa, kikao cha Zoom cha watu wengi chenye video kinaweza kuzidi MB 800 kwa saa. Kozi ya wiki sita yenye video saa mbili kwa wiki ni GB 6 hivi. Afadhali mmoja apakue chuoni usiku kozi zinazoruhusu, wengine wanakili kwenye flashi. Na zile za moja kwa moja zenye tarehe kali ni hatari: Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika, intaneti iliyumba nchi nzima na tarehe za kozi hazikungoja mtu. Cheti cha Coursera kinalipiwa, ingawa unaweza kuomba msaada wa ada kozi kwa kozi na kusubiri wiki mbili hivi. Vifurushi kwa wote 14 bila kozi iliyotajwa jina, hiyo ni posho ya WhatsApp.

Mtu wa Shangani
Hahaa, hiyo ya mwisho nitaisoma kikaoni. Basi napendekeza: sehemu kubwa ikwamue uzamivu, warsha ya siku mbili ya Mama Ligula, vifurushi kwa watatu wa AuthorAID tu. Huria mmoja, mratibu wa mitaala, kama pesa itabaki. Kuna kitu cha kuanza nacho wiki hii?

Mkaguzi wa Mitaala
Majina. Kila anayetarajia kuomba ufadhili alinganishe cheti cha kuzaliwa, vyeti vya sekondari, shahada, kitambulisho cha NIDA na pasipoti. Jina la babu likiwa hapa limo na pale halimo, wafadhili husimamisha faili. Tofauti ndogo ya herufi mara nyingi hati ya kiapo ya wakili inatosha. Jina lililobadilika kabisa linataka hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati, na hiyo haipatikani siku moja. Anayekwenda nje aombe pia TCU cheti cha kutokuwa na pingamizi kabla ya kuondoka, ili akirudi utambuzi wa shahada usimsumbue. Na kabla hajasaini mkataba wa mafunzo na chuo, asome kifungu cha miaka ya kutumikia akirejea na kiasi cha kurudisha akiondoka mapema.

Msimbati
Na nakala zithibitishwe na wakili zote siku moja, seti tano tano. Kuna wafadhili wanaokataa muhuri wa zamani.