Shimo la hoteli halijai na kisima chetu kinanuka, mtambo wa maji machafu umezimwa

Jamani naandika nikiwa na hasira mnivumilie. Mie mtu wa ukanda wa Paje na Jambiani, kusini Unguja. Mbele ya nyumba yetu kuna hoteli, na hapo katikati ndo kuna huo mtambo wa kusafisha maji machafu. Tuliitwa mkutanoni tukaonyeshwa ramani, karo la kwanza uchafu unatuama, la pili lina vyumba vyumba maji yanapita chini juu chini juu vijidudu vinakula uchafu, halafu kitanda cha kokoto kilichopandwa matete, mwisho maji yanamwagilia bustani. Na nyumba za jirani zingeungwa humohumo. Mama yangu akatoa njia bomba lipite kwenye kiwanja chake, hakudai hata shilingi.

Leo matete yote yamekauka. Pampu inayosukuma maji kutoka karo la kukusanyia iliungua msimu uliopita na fundi hajaletwa mpaka leo. Sasa pembeni wametoa bomba la inchi 4, nimeinama nimechungulia mwenyewe, linaingia kwenye shimo lililochimbwa kwenye jabali, matofali kuzunguka tu, chini hakuna sakafu, jiwe tupu lenye matundu. Ikifika saa tatu usiku unayasikia maji yanavyoporomoka mle ndani. Gari la kunyonya karo zamani lilikuwa linakuja, sa hivi haliji kabisa, na shimo halijai! Msimamizi ananambia hilo shimo zuri, halijai. Hoteli nzima wanaoga wanaenda chooni wanafua mashuka halafu shimo halijai, we unadhani yanakwenda wapi?

Yanakuja kwetu. Huku hatuna udongo wa kuchuja kitu, ni jiwe la matumbawe, na maji matamu yameelea tu juu ya maji ya chumvi. Kisima chetu hakifiki hata hatua 50 kutoka hapo, bahari ikijaa kinapanda, ikipwa kinashuka, wazee wanajua hilo tangu zamani, yaani huko chini kote kunapitika. Tangu mwezi uliopita ukivuta ndoo asubuhi inakuja na harufu ya sabuni, na siku nyengine harufu ambayo sitaki hata kuiandika.

Tukalalamika tukaambiwa chemsheni. Sawa, kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu, lakini naitrati, ile kemikali inayotokana na kinyesi na mkojo ikayeyuka kwenye maji, haitoki kwa moto, tena maji yakipungua sufuriani yenyewe inazidi kukolea. Kiwango cha WHO, shirika la afya duniani, ni naitrati isizidi miligramu 50 kwa lita, na kimewekwa hivo kwa ajili ya watoto wachanga, maana inaharibu damu isibebe hewa vizuri. Dada yangu ana mtoto wa miezi 3 alikuwa anamkorogea maziwa ya kopo kwa maji ya kisima hichohicho, sasa hivi ananunua ya chupa, pesa yenyewe ya kulima mwani baharini.

Na huo mwani nao, kamba tunazofungia mwani zilizo karibu na hoteli zinavikwa majani ya kijani membamba kama nywele, mama anashinda anayatoa kwa mkono. Najua joto la bahari nalo linaua mwani, sisemi yote ni wao. Ila shimo ni lao.

Watu wa ofisi walikuja wakateka chupa 2 wakaondoka, majibu hatujapewa, kila nikienda naambiwa mkubwa hayupo. Majirani wengine wananyamaza kwa sababu watoto wao wameajiriwa pale, siwalaumu, lakini na wao wanakunywa maji haya.

Tunachotaka pampu itengenezwe, shimo lizibwe, gari la kunyonya lirudi mpaka mtambo ufanye kazi, na majibu ya zile chupa yabandikwe pale dukani kila mtu asome.

Kama kuna mtu humu anajua maabara inayopima naitrati na vijidudu vya kinyesi, na bei yake, naomba aniandikie leo. Nimeshaazima boksi la barafu kwa muuza samaki, nateka maji kesho alfajiri niyapeleke mjini siku hiyohiyo.