Tupeane uzoefu: mtetea anayeatamia kwa mara ya kwanza, umwachie au umnyang'anye mayai?

Mkazi wa Cheyo, Tabora
Wakuu salaam. Nina mtetea mweusi, kishingo, ametaga mayai 11 nyuma ya gunia la mkaa jikoni. Tangu juzi hatoki pale. Nikisogea anajivimbisha na kunguruma kama nimemdhulumu mahari. Mama mkwe kaja kutoka Sikonge, anasema uzazi wa kwanza kuku haachiwi, bado mtoto, atayaharibu, tukaange tule. Mke wangu yuko upande wa mama yake, kwa hiyo kura ni mbili kwa moja. Mliopitia hili tupeni yaliyowakuta wenyewe. Ya kusikia kwa jirani hapana.

Mama Chapati, Ujiji
Wangu hakuharibu yeye, niliharibu mimi. Alikuwa katulia chini ya kitanda cha kamba uani, mayai 9, siku ya sita. Nikaona watoto watamkanyaga, nikamtengenezea boksi lenye nyasi laini, nikamhamisha saa nne asubuhi, jua linawaka. Akatoka boksini, akarudi palepale pa zamani, akalalia udongo mtupu. Nikimrudisha, anarudi. Mchana kutwa mayai yanapoa huku, yeye anaatamia ardhi kule. Jioni nikakata tamaa.

Safari ya pili huyohuyo nilimhamisha usiku wa giza, nikamfunika na tenga mpaka kesho yake, tena nikampa kwanza mayai viza mawili nione kama atatulia. Alipotulia ndipo nikampa ya kweli. Kaka yangu, kama hapo nyuma ya mkaa hapana paka, mwache hapohapo.

Dogo wa Mwandiga, Kigoma
Wangu aliatamia balbu iliyoungua. Siku 12. Tulipomnyang'anya alituchukia familia nzima.

Mfugaji Mstaafu, Nzega
Mkweo ana nusu ya haki. Mayai ya mwanzo kabisa ya mtetea huwa madogo, na vifaranga wake wanatoka wadogo vilevile. Mimi hayo nayala. Kuatamia ni jambo lingine, hilo kuku hafundishwi na umri.

Yatie alama ya mkaa yote leo hii. Akitoka kula, wenzake wataingia humohumo kutaga. Bila alama utajikuta na yai la siku 20 na la siku tatu chini ya kuku mmoja. Wa kwanza wakitoka, mama anaondoka nao, na yale mengine yanakufa na watoto ndani. Yalinikuta, nikayapasua matano nikakuta wana manyoya tayari. Chakula cha jioni kilinishinda.

Binti Tumbaku, Urambo
Mimi nitasema la utitiri kwa sababu hakuna aliyelitaja. Mtetea wangu siku ya 14 alianza kusimama juu ya mayai badala ya kuyalalia, upanga wake wa kichwani umepauka kama karatasi. Nikajua ndiyo hivyo, ni mgeni, kachoka. Nikapitisha mkono chini yake nimtoe. Nilipouchomoa niliona vitu kama unga wa pilipili vinatembea kuelekea kwenye kiwiko. Yule kuku alikuwa ananyonywa damu usiku na mchana na bado yupo!

Nilichoma nyasi zote, nikabadili boksi, nikaweka majivu, juu yake majani makavu machache ya tumbaku, kisha nyasi mpya. Huku kwetu tumbaku hainunuliwi, inaokotwa ghalani. Ila msiweke nyingi, na vifaranga wakishatoka iondoeni, ni sumu ile. Kwa mayai 10 nilipata saba.

Mama Chapati, Ujiji
Binti umenikumbusha, nimejikuna nikisoma.

Mwalimu wa Heru, Kasulu
Siafu. Novemba, mvua ndiyo zimeanza. Usiku nilisikia kuku kalia mara moja tu, nikadhani paka, nikageuka upande wa pili nikalala. Asubuhi naenda bandani nakuta mstari mweusi umeingia kwenye boksi. Vifaranga watatu waliokuwa wametoka walikuwa wamebaki mifupa. Mtetea mwenyewe yupo, kalalia mayai yaliyobaki, siafu wamemjaa hadi pembeni mwa macho. Hakuwa amefungwa, mlango ulikuwa wazi. Nilimtoa nikamtumbukiza kwenye ndoo ya maji, mke wangu akawachomoa mmoja mmoja.

Alipona. Ana miaka mitatu sasa, na mgeni akija nachinja mwingine. Mvua zikianza zungusha majivu ya kutosha, na ukisikia kuku kalia usiku, amka.

Mkazi wa Cheyo, Tabora
Wakuu, mrejesho. Tulikubaliana hivi: mama mkwe kapewa matatu madogo kuliko yote, akakaangiwa, roho ikatulia. Nane nikayachora mkaa. Siku ya tano nakuta 10! Mawili hayana alama, nikayatoa. Mzee wa Nzega, Mungu akuweke. Siku ya nane usiku nikayapima kwa tochi ya simu, nimekunja kipande cha katoni yai likae juu yake. Ukiona mishipa myekundu imetanda kama mizizi unasahau kama lile ni yai. Moja lilikuwa jeupe tupu, nikalitoa. Kila siku alikuwa anatoka mara moja, dakika 20 hivi, anakunya donge kubwa lenye harufu ambayo sitaielezea, anakunywa maji, anarudi mbio.

Siku ya 20 jioni nikasikia sauti ndani ya yai. Moja likatoboka tundu dogo halafu kimya, saa nane nzima. Nikanyoosha kidole nilibandue ganda, mama mkwe akanipiga mkono: utamtoa damu, mwache ajitoe. Huyuhuyu aliyetaka yakaangwe. Aliyetangulia kutoka mtetea alimdonoa kichwani, naona alishtuka kukuta kitu kinatembea. Tukampisha, tukazima taa. Asubuhi wako sita chini ya mbawa.

Swali. Limebaki moja, leo siku ya 22, nimeliweka sikioni halisemi kitu. Wenzake wameanza kuchungulia nje na yeye bado kalikumbatia. Nilitoe?

Mfugaji Mstaafu, Nzega
Hongera. Mwachie usiku wa leo; hao sita bado wana kiini tumboni, hawafi njaa. Kesho watoe wote, wape maji na chenga za mahindi, wachunge na mwewe, na muulize mtu wa mifugo wa kata kuhusu chanjo ya kideri, ile ya tone la jicho. Hilo moja likazike mbali. Usilipasue kutaka kujua, mimi nilitaka kujua.

Dogo wa Mwandiga, Kigoma
Na mama mkwe anasemaje?

Mkazi wa Cheyo, Tabora
Ameshachagua wawili wa kurudi nao Sikonge.