Je, kuongeza chumba nyuma ya nyumba Uingereza kunahitaji kibali cha halmashauri?

Mwana wa Makunduchi aliuliza:

Assalaam alaykum ndugu zangu. Ninaishi Leicester katika nyumba ya miaka ya 1930 ambayo upande mmoja imeshikamana na ya jirani. Mama yangu anahamia kwangu, na kwa kuwa magoti yake hayamruhusu tena kupanda ngazi, ninakusudia kumjengea chumba cha kulala na choo huko nyuma, chini, kwa kuunganisha na jiko. Mwenye nyumba aliyenitangulia alijenga chumba cha vioo kinachotokeza uani mita 2.5. Ninataka kukibomoa, nijenge kuta za matofali mahali pale pale, kisha nisogee mbele mita 2 zaidi.

Shemeji yangu, ambaye ni fundi mwashi tangu tukiwa nyumbani, ameniambia kuwa kinachojengwa ndani ya mita 3 hakiombewi kibali, na kwa kuwa ninaongeza mita 2 tu, tuanze kuchimba msingi mara moja. Mfanyakazi mwenzangu naye anashikilia kuwa kipimo ni mita 4, kwa sababu yeye alijenga hivyo na hakuulizwa na mtu. Ninaomba mwenye ujuzi anieleze yupi yuko sahihi, na kama zipo karatasi nyingine ninazopaswa kuwa nazo kabla ya kununua tofali la kwanza.

Mchora Ramani alijibu:

Wa alaykum salaam. Shemeji yako anaijua namba, ila ameanza kupima mahali pasipo. Kwa England, amri ya mwaka 2015 inayoruhusu baadhi ya ujenzi bila kuomba kibali cha mipango inasema kwamba nyongeza ya ghorofa moja nyuma ya nyumba iliyoshikamana na nyingine isitokeze zaidi ya mita 3, na nyuma ya nyumba iliyosimama peke yake isizidi mita 4. Bila shaka nyumba ya mwenzako ni ya aina hiyo ya pili. Lakini mita hizo huhesabiwa kutoka ukuta wa nyuma wa nyumba ya asili, yaani nyumba ilivyokuwa tarehe 1 Julai 1948, au ilivyojengwa mara ya kwanza ikiwa ilijengwa baada ya hapo. Chumba cha vioo si sehemu ya nyumba ya asili hata kama kimesimama miaka ishirini, kwa hiyo wewe hujengi mita 2, unajenga mita 4.5.

Hilo halimaanishi kwamba umefungiwa mlango. Kwa nyumba kama yako unaweza kufika hadi mita 6 kwa utaratibu mwepesi kuliko kibali kamili, ilimradi nyumba haimo katika eneo la hifadhi, yaani mahali panapolindwa kisheria kwa historia au mandhari yake. Unaipelekea halmashauri taarifa yenye vipimo na mchoro wa kiwanja, nayo inawaandikia majirani wanaopakana nawe na kuwapa angalau siku 21 za kutoa pingamizi. Asipopinga mtu, unaendelea. Akipinga hata mmoja, halmashauri itaangalia ni kwa kiasi gani ujenzi wako utawaathiri majirani, kwa mfano kwa kuwazibia mwanga. Siku 42 zikipita bila kujulishwa uamuzi wowote, una haki ya kuanza. Sharti ni kwamba taarifa itangulie, kwa maana ukishachimba huwezi kurudi nyuma kuiomba.

Masharti mengine yanabaki pale pale: kimo kisipite mita 4, ukingo wa paa usipite mita 3 ikiwa uko ndani ya mita 2 kutoka mpakani, nyongeza zote kwa jumla zisile zaidi ya nusu ya eneo linalozunguka nyumba ya asili, na matofali yafanane na yaliyopo. Tazama pia hati zako za zamani, kwa sababu zipo nyumba ambazo halmashauri ilikwisha kuziondolea ruhusa hii. Na anayesoma hapa akiwa anaishi kwenye fleti asijisumbue na vipimo hivi, kwa kuwa ruhusa hii ni ya nyumba tu.

Bi Mkubwa wa Coventry alijibu:

Mwanangu, Mchora Ramani amejibu kuhusu mipango, nami nitajibu kuhusu jambo ambalo watu wetu wengi hulichanganya na hilo. Kutohitaji kibali cha mipango si kutohitaji ukaguzi wa ujenzi. Cha kwanza kinahusu ukubwa na mahali. Cha pili kinahusu kama jengo ni salama, lina joto na halivuji. Chumba cha vioo cha chini ya mita za mraba 30, kilichotengwa na nyumba kwa mlango wa nje, kwa kawaida husamehewa ukaguzi, lakini chumba cha kulala chenye choo hakisamehewi hata kikiwa kidogo kama stoo.

Haya nayasema kwa sababu yalinifika. Mimi na marehemu mume wangu tuliongeza jiko la mita 2.8, tukajua hatuhitaji kibali, tukafurahi, na fundi wetu hakumwita mkaguzi hata siku moja. Miaka kadhaa baadaye, tulipotaka kuuza, wakili wa mnunuzi aliuliza swali moja tu: cheti cha kukamilisha ujenzi kiko wapi? Ilibidi tuombe kuhalalishiwa. Akaja mkaguzi, akataka shimo lichimbwe kando ya ukuta ili auone msingi, na dari ifunguliwe ili aone mbao na vizuia baridi. Nilisimama jikoni kwangu nikitazama vumbi la plasta likiangukia sufuria zangu, kwa kazi ambayo ingekaguliwa bila usumbufu wowote kabla ya zege kumwagwa. Mnunuzi alikuwa amekwisha kwenda kwingine.

Kwa hiyo mkaguzi auone mtaro wa msingi ungali wazi, aone mabomba kabla hayajafukiwa, na mwisho akupe cheti. Usimlipe fundi fungu la mwisho kabla cheti hakijawa mkononi mwako, hata kama fundi ni shemeji.

Mwana wa Makunduchi alijibu:

Ahsanteni sana, na shikamoo Bi Mkubwa. Jioni hii tumepima upya na futikamba, mimi na shemeji, kutoka ukuta wa jiko la zamani, na kweli tumepata mita 4.5 kamili. Shemeji amekubali, ingawa amesema sheria inayohesabu nyumba kwa mwaka 1948 ni sheria ya watu wasiokuwa na haraka. Tutapeleka taarifa na kungoja siku 42. Nimebaki na mawili: ukuta mpya utakuwa sentimita chache tu kutoka mpaka wa jirani, bibi mmoja mpole sana, na uani, hapo hapo tutakapochimba, kuna kifuniko cha chuma cha maji taka.

Mchora Ramani alijibu:

La jirani lina sheria yake, ya mwaka 1996, nayo haiihusu halmashauri. Ukichimba ndani ya mita 3 kutoka jengo lake na kwenda chini kuliko msingi wake, jambo ambalo ni karibu la hakika kwa nyumba ya miaka ya 1930 yenye msingi mfupi, unapaswa kumpa notisi ya maandishi mwezi mmoja kabla. Hapa angalia sana, kwa kuwa kimya cha halmashauri ni ridhaa, lakini kimya cha jirani ni ugomvi: asipojibu kwa siku 14, sheria inahesabu kwamba mmehitilafiana, na itabidi wateuliwe wapimaji wa kuamua, ambao kwa kawaida gharama yao ni juu yako wewe unayejenga. Basi usiitumbukize notisi kwenye tundu la barua. Nenda na mama, mnywe chai, umwoneshe mchoro, kisha atie saini ya kukubali. Pigeni na picha za kuta zake za ndani, ili ufa wa zamani usije ukaitwa mpya.

Kuhusu kifuniko, kifungue utazame kama bomba linapokea pia maji ya nyumba ya huyo bibi. Tangu Oktoba 2011 bomba linalotumiwa na nyumba zaidi ya moja kwa kawaida ni la kampuni ya maji, na kujenga juu yake au ndani ya mita 3 kunahitaji ridhaa yao. Waandikie wiki hii hii, kabla mchoro wa msingi haujakamilika, kwa sababu wanaweza kutaka msingi ushuke zaidi au kifuniko kihamishwe nje ya chumba cha mama.