Naomba ushauri: tone la maji linatoka na mkia kwenye picha

Wakuu, habari za jioni. Niko Tanga, Ngamiani, na wiki ya tatu sasa napiga picha za tone la maji likidondokea kwenye sinia. Nimening'iniza mfuko wa dripu, maji yanashuka tone moja moja. Kamera iko kwenye stendi, lenzi ya milimita 50 na ringi za kuiwezesha kupiga kitu kwa karibu sana. Fokasi naiweka kwa mkono: nalaza kalamu pale tone linapoangukia, kisha naitoa.

Shida ni mwendo. Shata (muda kamera inaobaki wazi) sekunde 1/200, tundu la lenzi f/11, chumba giza, flashi kwa nguvu yote, na bado ile taji ya maji inayoruka tone likigonga inatoka na mkia wa ukungu. Nimesoma kwamba flashi ikipunguzwa hadi 1/32 ya nguvu yake mwako wake huwa mfupi zaidi, na huo ndio unaogandisha maji, si shata. Lakini nikipunguza, picha inakuwa nyeusi. Niisogeze flashi karibu na sinia, au nipandishe ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) hadi 800? Naogopa chengachenga kwenye picha.

Na aliyewahi kuchanganya gliserini kwenye maji ili yawe mazito, aliweka kiasi gani? Ile nguzo inayoinuka katikati niliipata juzi mara moja tu, inang'aa kama kioo. Niliita nyumba nzima waje kuiona.