Eti "Mama Neema, mashine inasema wewe siyo Mama Neema"!

Wakuu, naandika huku natetemeka kwa hasira. Mnamjua huyu bwana mlinzi, kila geti lina wake. Leo nimeweka kidole kwenye mashine ya kusoma alama za vidole, taa nyekundu. Kidole kingine, nyekundu. Naye, anayenisalimia kila asubuhi na kuniuliza habari za watoto, akanitolea macho mbele ya foleni nzima: "Mama Neema, mashine inasema wewe siyo Mama Neema."

Sasa ulikuwa unamwambia nani?!

Kitambulisho nimetoa, chenye picha yangu. Kakitazama, kanitazama, kairudia mashine kama anasubiri fatwa. Kazi yangu ni usafi, mikono inashinda kwenye sabuni na dawa, mistari ya vidole imelika. Mafundi wanaoshika saruji wanalijua hili. Foleni ikazunguka jengo, ikakaribia kufika bara jingine, na yeye bado: "Siyo wewe, mama." Ananiita kwa jina, halafu ananinyang'anya jina!

Fundi Kitasa: Pole dada. Mwaka 2002 mtafiti Mjapani Tsutomu Matsumoto na wenzake walitengeneza vidole bandia vya jelatini, ile ya kutengenezea peremende laini, vikakubaliwa na mashine zote 11 walizojaribu. Jelatini inapita, mwenye kidole anabaki nje.

Babu Mkali: 😂😂 Mama Neema, kwani una uhakika ni wewe? Paka mafuta mikononi urudi. Vidole vikikauka mashine nyingi hazivioni.

Mama Neema: Babu, usinichekee. Angesema mashine mbovu ningenyamaza. Kasema MIMI SIYO MIMI, na jina langu kalitaja mwenyewe!

Ua Jekundu: Afadhali wewe wa kidole. Mimi programu ya simu inataka uso: geuka kushoto, geuka kulia, fumba macho, mwisho "hujatambuliwa". Watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima mwaka 2018 programu za kutambua jinsia kwa sura. Kwa wanawake weusi moja ilikosea hadi asilimia 34.7, kwa wanaume weupe haikufika hata asilimia 1.

Kapteni: Nyie mnalia na vidole, sisi ofisini tunabadilishiwa nywila kila mwezi. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilishashauri mwaka 2017 watu wasilazimishwe kuzibadilisha ovyo. Mtu wetu wa kompyuta hasikii. Watu wanaziandika kwenye karatasi na kuzibandika kwenye skrini.

Babu Mkali: Nywila si kitu. Njooni msikie king'ora cha jirani yangu. Kitambuzi chake kinafuata joto la mwili, paka akikatiza tu mtaa mzima macho.

Kapteni: Mzee, kiteremshwe makali, kuna mahali pa kurekebisha.

Babu Mkali: Nimemwambia. Kaniambia nimfunge paka.

Ua Jekundu: Kwani paka ni wako??