Ushauri: picha za ufukweni za karibu kabisa, nikiwa nyumbani na nje ni mawingu matupu

Mwanaziwa
Wadau, hamjambo? Niko Kondele, Kisumu, na masika yameshika kwelikweli. Dada yangu aliniletea simbi na makombe kutoka Malindi, nami nataka kuwapiga picha za karibu, simbi mmoja ajaze fremu, aonekane yuko ufukweni jua la asubuhi likiwaka. Nina kamera ya kawaida, lenzi ya 50mm na pete za kurefushia, zile zinazokaa kati ya lenzi na kamera ili nisogee karibu zaidi. Mchanga nimeomba kwa jirani anayejenga. Shida ni mbili: picha zinatoka za kijivu, na mchanga unaonekana kama kokoto. Nifanyeje bila kununua taa za studio?

Kichungi cha Chai
Pole. Huku Nakuru mwezi wa saba ni hivyo hivyo, kwa hiyo kazi hii naijua. Anza na mchanga, maana huo ndio unaokusaliti. Ukikaribia kiasi hicho, punje ya mchanga wa ujenzi ni jiwe. Uoshe kwenye beseni mpaka maji yasiwe na tope, uanike, kisha uupitishe kwenye kichungi cha chai. Uliopita uweke karibu na simbi. Uliobaki mwaga nyuma kabisa. Mchanga wa sehemu nyingi za Pwani ni mweupe kwa sababu una matumbawe yaliyosagika, wetu ni wa kahawia. Chumvi laini kidogo itausogeza kwenye weupe, ila ukitia chumvi, sahau mambo ya kunyunyiza maji.

Sasa mwanga. Mawingu yanatoa mwanga mpana ambao hauna kivuli cha maana, na jua ni kinyume chake. Acha mwanga wa dirisha ujaze vivuli tu. Jua lako liwe tochi ya simu: ilaze chini, upande mmoja, umbali wa kama mita moja, imulike ikikwaruza uso wa mchanga mpaka kila punje itoe kivuli chake. Ifunike kwa karatasi ya peremende ya rangi ya chungwa. Upande wa pili simamisha manila nyeupe ili kivuli kisiwe cheusi tii. Taa ya darini izime, la sivyo utapata rangi tatu zinazogombana.

Shata Polepole
Naongezea ya kamera. Simbi akionekana kwenye kihisi, yaani kile kibamba cha kamera kinachopokea picha, kwa ukubwa wake halisi, ukiwa f/8 (namba ya tundu la lenzi: ikikua, tundu linazidi kufungwa), sehemu inayoonekana kwa ukali haifiki hata milimita moja. Ukifunga kupita f/16 picha nzima inaanza kupoteza ukali. Kaa f/8 au f/11, piga kadhaa huku ukisogeza fokasi kidogo kidogo, kisha uziunganishe kwa programu. Tripodi ni lazima, na kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisiitikise kamera.

Jirani wa Dunga
Swali la uchokozi: mbona unahangaika kuigiza Malindi na uko Kisumu? Ziwa lina ufuo wake. Tafuta makombe ya konokono wa ziwani, kipande cha wavu, gugu maji lililokauka. Kijivu unachokilalamikia kinakuwa ndiyo hali ya hewa yenyewe. Na hiyo tochi ya chungwa inafaa huku zaidi, kwetu jua linazama ziwani. Ila makombe yaokote makavu, mbali na maji. Usiingie majini kuwatafuta konokono. Baadhi yao ndio wanaobeba kichocho.

Mwanaziwa
Jirani, umenichokoza vizuri, nitafika huko. Lakini picha hizi ni za kutundikwa sebuleni kwa dada mwenyewe, bahari lazima. Kichungi, tochi imefanya kazi! Sasa nataka matone juu ya simbi, na maji yanateleza yote.

Kichungi cha Chai
Changanya maji na glisirini, ile ya kupaka ngozi, nusu kwa nusu. Chovya kijiti cha meno, udondoshe tone mojamoja. Litakaa bila kukauka upesi. Nyuma tandika leso ya buluu. Ukilenga fokasi ndani ya tone utaiona imepinduka. Ukimaliza mwoshe simbi, glisirini inanata na kuvuta vumbi. Na zile pete usizibadilishie juu ya mchanga, nenda chumba kingine.